Basi la tani 16 nyuma ya semi: kani inayotakiwa na kani inayobaki

Basi limejaa abiria, buti limeshiba mizigo, linatembea kilomita 60 kwa saa nyuma ya semi kwenye barabara tambarare. Dereva anataka kufika 80 apite. Swali ni hili: matairi yatalazimika kuisukuma lami kwa kani ya kiasi gani?

Mwanafunzi wa kidato cha pili atajibu kabla hujamaliza kuuliza. Kani ni tungamo mara mchapuko (kiasi ambacho mwendo unaongezeka kila sekunde), kanuni ya pili ya Newton, iko kitabuni tangu 1687. Ni kweli. Lakini akilichukua jibu lake akampelekea fundi wa injini, fundi atamwambia injini ya basi hilo haiwezi kufanya hivyo. Dereva naye atamwambia kwamba mlimani hesabu hiyo haifiki popote. Hakuna aliyekosea kati yao watatu. Kinachowatenganisha ni kwamba kila mmoja anazungumzia kani tofauti.

Hesabu ya darasani

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo wengi wanapoanguka. Spidomita inasoma kilomita kwa saa, kanuni inataka mita kwa sekunde, kwa hiyo unagawanya kwa 3.6. Kilomita 60 kwa saa ni mita 16.7 kwa sekunde, na 80 ni mita 22.2. Ongezeko ni mita 5.56 kwa sekunde. Ukisahau kugawanya, jibu litakuwa kubwa mara 3.6 ya lile la kweli, na hutashtuka, kwa sababu macho hayana namna ya kujua kwamba nyutoni (kipimo cha kani) 32,000 ni nyingi mno.

Tungamo ni zile kilo zinazosomwa na mzani wa Vigwaza au Mikese. Basi letu la ekseli mbili tulipe tani 16 likiwa na abiria wake, yaani kilo 16,000. Usizidishe kwa 9.8 bado. Namba hiyo inahusu mvuto wa dunia, na itaingia tukifika kwenye matairi na mlima.

Dereva tumpe sekunde 10. Mita 5.56 ukigawanya kwa 10 unapata mchapuko wa mita 0.556 kwa sekunde kwa kila sekunde. Zidisha kwa 16,000: nyutoni 8,890 hivi. Hilo ndilo jibu la darasani.

Ukweli kwamba gari tayari linatembea haubadilishi chochote katika jibu hilo. Kutoka 0 hadi 20 kwa sekunde 10, au kutoka 60 hadi 80 kwa sekunde 10, kani halisi ya kuongeza mwendo ni ile ile 8,890. Wengi hudhani gari lililokwisha kuchanganya ni rahisi zaidi kuliongeza mwendo, kwa sababu wanakumbuka jinsi lilivyohangaika kuondoka kituoni. Mambo yako kinyume, na sababu yake ni umbali. Katika sekunde 10 za kutoka 0 hadi 20, basi linasogea mita 28 tu. Katika sekunde 10 za kutoka 60 hadi 80, linasogea mita 194. Kani ni moja, lakini inasukuma kwa umbali mrefu mara saba, kwa hiyo inakula nishati mara saba: jouli 1,728,000 badala ya 247,000, kwa muda ule ule wa sekunde 10. Nishati hiyo yote inatoka kwenye dizeli.

Makato

Kanuni ya Newton inazungumzia kani iliyobaki baada ya zote kujumlishwa na kutolewa. Kani inayofika kwenye tairi ni kama mshahara ulioandikwa kwenye mkataba: kuna makato yanayochukuliwa kabla hujaugusa, na mwendo unaongezwa na kile kinachobaki.

Kato la kwanza ni la matairi yenyewe. Tairi linapobingirika linabonyea pale linapogusa barabara, kisha linarudi, na katika kubonyea na kurudi linapoteza nishati kuwa joto. Ndiyo maana ukilishika tairi baada ya safari ndefu unalikuta la moto hata kama breki hazikutumika. Kwa tairi zuri la basi kwenye lami, kato hili ni kama sehemu 8 kwa kila 1,000 za uzito wa gari. Hapa sasa 9.8 inaingia: 0.008 × 16,000 × 9.8, unapata nyutoni 1,250. Haijali sana mwendo. Kinachoibadilisha haraka ni upepo kupungua tairini na aina ya barabara. Kwenye changarawe huongezeka mara mbili au zaidi, na kwenye mchanga au tope huongezeka hata zaidi ya mara kumi.

Kato la pili ni hewa, na hili linajali mwendo kuliko kitu kingine chochote. Unachukua nusu ya msongamano wa hewa, unazidisha kwa eneo la uso wa mbele wa gari, kwa namba inayoeleza umbo lake, kisha kwa kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Basi lina upana wa mita 2.5 na kimo cha mita 3 na zaidi, tuseme eneo la mita za mraba 8. Namba ya umbo kwa basi lenye uso bapa ni kama 0.6, wakati saluni ndogo ina 0.3 hivi. Hewa ya pwani ina kilo 1.2 kwa kila mita ya ujazo. Ukipiga hesabu, hewa inalizuia basi letu kwa nyutoni 800 likiwa kwenye 60, na nyutoni 1,420 likifika 80. Likienda 100 ni 2,220.

Kasi inayohesabiwa hapo ni ya gari dhidi ya hewa. Ukiwa kwenye 80 na upepo wa kilomita 20 kwa saa unakupiga usoni, kama ilivyo kawaida ukikaribia Makambako au Singida, hewa inakutoza ya kilomita 100. Kwa upande mwingine, huko nyanda za juu hewa ni nyepesi. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 kato hili linashuka kwa asilimia 15 hivi. Usifurahi haraka, kwa sababu injini nayo inavuta hewa hiyo hiyo, na isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia injini hewa, inapoteza nguvu zaidi ya unachookoa.

Basi, kwenda 80 bila kuongeza wala kupunguza mwendo kunahitaji nyutoni 2,670 tu: 1,250 za matairi na 1,420 za hewa. Ukitaka kufika 80 huku bado unachanganya kwa kiwango kile cha sekunde 10, unaongeza 8,890 juu yake. Jumla inakuwa 11,560. Na kuna ziada ndogo ambayo vitabu vya shule huiacha: magurudumu, ekseli, shafti na flaiwili haviendi mbele tu, vinazunguka pia, na kuviongezea mzunguko kunadai kani yake. Kwenye gia kubwa ni kama kuongeza asilimia chache kwenye tungamo la gari. Kwenye gia namba moja ni nyingi zaidi, kwa kuwa huko injini inapanda mizunguko haraka sana kwa mwendo mdogo wa gari.

Hapo fundi anapokuja juu

Kani ikizidishwa kwa kasi inakupa nguvu, ile inayopimwa kwa wati au kwa farasi. Nyutoni 11,560 kwenye mita 22.2 kwa sekunde ni wati 257,000, karibu farasi 350, na hizo ni zinazohitajika tairini. Giaboksi na difu hula kama asilimia 12 njiani, kwa hiyo injini yenyewe ingetakiwa itoe karibu farasi 400. Basi letu lina injini ya farasi 280, kipimo cha kawaida kwa basi la ukubwa huu. Fundi alikuwa na haki ya kukataa.

Kwa hiyo tugeuze swali. Farasi 280 ni kilowati 206, na zinazofika tairini ni kama 181. Zinaweza kuzalisha kani kiasi gani? Hiyo inategemea unakwenda kwa mwendo gani, kwa sababu nguvu ile ile ikigawanywa kwa kasi kubwa inatoa kani ndogo. Kwenye 60 ni nyutoni 10,860. Kwenye 80 ni 8,150. Wakati huo huo makato yanapanda, kutoka 2,050 hadi 2,670. Kinachobaki cha kuongeza mwendo kwenye 60 ni nyutoni 8,810, na kwenye 80 ni 5,480. Sehemu ya kwanza ya safari kutoka 60 kwenda 80 ni ya haraka, ya mwisho ni ya kuburuza miguu. Ukijumlisha vipande vyote unapata sekunde 13, na hizo ni pale tu dereva anapoiweka injini kwenye nguvu zake za juu muda wote, jambo ambalo giaboksi ya kawaida haimruhusu.

Gia zinafanya nini hapa? Haziongezi nguvu, zinabadilisha mgawanyo wake. Chukua injini inayozungusha kwa nyutoni-mita 1,100 (kipimo cha kani ya kuzungusha), difu yenye uwiano wa 4.1, na tairi lenye nusu kipenyo cha mita 0.5. Kwenye gia ya sita iliyonyooka, yenye uwiano wa 1, ukitoa upotevu unapata nyutoni 8,000 hivi tairini. Shusha hadi ya tano yenye uwiano wa 1.35, unapata karibu 10,800. Dereva anayerudisha gia kabla ya kutoka upande, injini ikanguruma, hajifanyi jasiri. Anatafuta zile nyutoni 2,800 za ziada ambazo gia ya sita ilikuwa imezilalia.

Sasa kupita kwenyewe. Semi ina urefu wa mita 17, basi mita 12, na tuweke nafasi ya mita 20 kabla na 20 baada. Basi linapaswa kuipata semi kwa mita 69. Katika sekunde 13 za kuchanganya linaipata kwa mita 39 tu, kwa sababu mwanzoni tofauti ya mwendo ni ndogo mno. Mita 30 zilizobaki zinachukua sekunde 5 na kidogo. Jumla ni zaidi ya sekunde 18, na katika muda huo basi limesafiri mita 374. Gari linalokuja upande wa pili kwa 80 limesafiri mita 400 na ushee. Barabara iliyo wazi inayohitajika ni karibu mita 780. Simama kando ya barabara kuu yoyote uangalie mita 780 ni mbali kiasi gani, kisha angalia madereva wanaanzia wapi kupita.

Wapo wanaosema tatizo ni ukomo wa 80, ule ambao sheria ya Tanzania imewawekea mabasi na ambao Kenya iliufunga kwenye vidhibiti mwendo vya matatu na mabasi tangu kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki zilizoanza kutumika 2004. Wanadai dereva angeachiwa, angepita upesi na kurudi upande wake. Hesabu haiwaungi mkono. Basi hili kutoka 80 hadi 100 linahitaji sekunde nyingine 22, kwa maana kani iliyobaki kwenye 100 ni nyutoni 3,000 tu kwa tani 16. Kazi ya kupita ingekuwa imekwisha zamani. Katika zile sekunde 5 za mwisho, kuondoa ukomo kungempa dereva kilomita 5 au 6 za ziada kwenye spidomita, na nafuu isiyofika hata sekunde moja.

Mlimani

Mlima ni kato la tatu, na ukubwa wake unawashangaza hata watu waliosoma. Mwinuko wa asilimia 5 maana yake kila mita 100 unapanda mita 5. Kwa macho si mkali. Kitonga, pale unapotoka Ruaha Mbuyuni kuelekea Ilula, ina sehemu zinazoonekana kali kuliko hivyo. Lakini asilimia 5 ya uzito wa basi letu ni 0.05 × 16,000 × 9.8, yaani nyutoni 7,840. Kato hili peke yake ni kubwa mara tatu ya hewa na matairi kwa pamoja kwenye 80.

Rudi kwenye 60. Injini inatoa 10,860, makato sasa ni 9,890, kinachobaki ni 970. Mchapuko ni mita 0.06 kwa sekunde kwa kila sekunde, kitu ambacho abiria hawezi hata kukihisi. Na hauendelei: kwenye 65 injini na makato vinalingana, basi linagota hapo. Dereva akanyage mafuta hadi sakafuni, 80 haitafika.

Semi nayo ina shida zake. Ikiwa na tani 56, ukomo wa Afrika Mashariki kwa magari ya ekseli saba, mlima huo unaitoza nyutoni 27,440 na matairi 4,390. Kwa injini ya farasi 420, inapanda kwa kilomita 30 kwa saa. Hakuna uvivu wowote wa dereva wake hapo.

Kwa hiyo basi linajikuta nyuma ya semi kwenye 30, na hapa ndipo penye mtego ambao ningependa kila dereva auone kwa namba. Kwenye 30, nguvu ikigawanywa kwa kasi ndogo inatoa kani kubwa, nyutoni 21,700. Ondoa makato 9,300, zinabaki 12,400. Mchapuko ni mita 0.78, mkubwa kuliko aliokuwa nao tambarare kwenye 60! Dereva anatoka upande, anakanyaga, anasikia basi limeitika, kiti kinamsukuma mgongoni. Kutoka 30 hadi 40 anatumia sekunde 5. Anajiambia gari ina moto leo. Kutoka 40 hadi 50 anatumia zaidi ya sekunde 9. Akifika 50 mchapuko umeshuka hadi 0.21, karibu robo ya ule wa mwanzo, naye bado hajaimaliza kuipita semi. Aliyapima mambo yote kwa mguso wa sekunde mbili za kwanza, na mguso huo ulikuwa ndio bora kuliko yote yatakayofuata.

Akibadilisha gia katikati ya zoezi, hali inazidi. Kila sekunde klachi ikiwa chini, hakuna kani ya mbele hata kidogo, na makato yale 9,450 yanalivuta basi nyuma: linapoteza kilomita 2 kwa saa kwa kila sekunde. Kwa mchapuko wa 0.4 alionao pale kwenye 40, anahitaji zaidi ya sekunde moja kurudisha alichopoteza kwenye sekunde moja.

Tope

Kuna ukomo mmoja usiohusu injini. Kani yote hii inapita kwenye eneo dogo la raba linalogusa barabara, na raba haiwezi kusukuma zaidi ya inavyoshika. Ekseli ya nyuma ya basi imebeba kama tani 10. Kwenye lami kavu inashika hadi nyutoni 68,000 hivi, mbali sana na chochote tulichokitaja, kwa hiyo dereva wa lami hana haja ya kuwaza. Kwenye tope laini mshiko unaweza kushuka hadi 0.15 ya uzito, yaani nyutoni 14,700. Na tope hilo hilo linapandisha ukinzani wa matairi hadi 0.1 ya uzito wa gari zima, yaani 15,680. Kinachohitajika kimezidi kinachowezekana. Weka injini ya farasi 1,000, tairi litazunguka haraka zaidi mahali pale pale na kuchimba shimo.

Utingo akisema shukeni tusukume, anafanya hesabu sahihi. Abiria wakishuka, tani nne zimeondoka na ukinzani unashuka hadi nyutoni 11,760, ingawa mshiko nao unapungua, tuseme hadi 11,000. Bado zinapungua nyutoni 760. Watu 40 wakisukuma kwa nyutoni 200 kila mmoja, wameleta 8,000, na kani yao haipiti kwenye tairi linaloteleza.

Namba zimetoka wapi

Msomaji mkali atauliza hizo 0.008 na 0.6 nimezitoa wapi. Ni wastani unaotumiwa na wahandisi, na basi lako linaweza kuwa tofauti. Namna ya kulipima ni rahisi: kwenye barabara tambarare, iliyonyooka na isiyo na magari, gari likiwa kwenye 80, weka gia huru na upime muda hadi 70. Usifanye hivyo mteremkoni kamwe. Mita 2.78 kwa sekunde ukigawanya kwa muda huo, kisha ukazidisha kwa tungamo, unapata makato yako ya hewa na matairi kwenye mwendo wa 75. Basi letu linapaswa kuchukua sekunde 18. Saluni ya kilo 1,200 itachukua 11 tu, kwa sababu ingawa makato yake ni madogo, tungamo lake ni dogo zaidi. Rudia ukitokea upande wa pili na uchukue wastani, ili upepo na mwinuko usiouona vifutane. Ukipata sekunde 12 kwa basi lililojaa, anza kwa kupima upepo wa matairi, kisha uangalie kama kuna breki inayoshika.